Anayelisha Mtambo: Maji Machafu ya Kahawa na Biogesi Magharibi mwa Kenya

Katika miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, kahawa humenywa kwa maji mengi. Matunda mekundu hufika kiwandani alasiri, hupitishwa kwenye mashine inayotenganisha ganda na mbegu, kisha mbegu huachwa tangini zichachuke hadi ute unaozizunguka ulegee, na hatimaye huoshwa mferejini kabla ya kutandazwa kwenye meza za kukaushia. Maji yaliyofanya kazi hizo zote huelekezwa kwenye mashimo ya kunyonyea yaliyochimbwa upande wa chini wa kiwanda, na hapo ndipo hesabu yake hukomea katika vitabu vya vyama vingi vya ushirika. Ninaamini hesabu hiyo haijakamilika. Ndani ya maji yale mna nishati inayoweza kuendesha sehemu kubwa ya kazi za kiwanda chenyewe, na njia ya kuitoa, yaani kuyaozesha maji ndani ya tangi lisilo na hewa ili yatoe biogesi, gesi inayoshika moto, imejulikana kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu la kuyatunza maji hayo kwa uangalifu uleule unaopewa mbegu.

Kazi yangu ni ya maabara, mjini Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupima maji yanayotoka viwandani: ya kahawa, ya miwa, ya muhogo, ya viazi. Kwa hiyo nayafahamu maji haya kwa harufu, kwa rangi na kwa tarakimu. Nimeona pia mitambo ya biogesi iliyojengwa kwa fedha nyingi, ikazinduliwa kwa hotuba na nyimbo, kisha ikanyamaza kabla ya msimu wa pili. Katika mingi ya mitambo hiyo kuba la kushikia gesi halikuwa na ufa wala mabomba hayakuwa na kasoro. Mtambo ulilishwa vibaya, ukaugua, na hapakuwa na mtu aliyejua kuutazama.

Nianze na kilichomo ndani ya maji. Tunda la kahawa lina sukari nyingi na pektini, ambayo ndiyo hufanya ute ule uteleze mkononi. Mashine inapomenya, sehemu kubwa ya sukari huyeyuka katika maji ya kwanza, na baada ya uchachushaji ute nao huingia katika maji ya kuoshea. Kipimo kinachotumika kueleza uzito wa uchafu wa namna hii huitwa COD, yaani kiasi cha oksijeni kinachohitajika ili kuteketeza kwa kemikali kila kinachoweza kuungua ndani ya lita moja ya maji. Majitaka ya nyumbani kwa kawaida huwa na miligramu mia kadhaa, au zaidi kidogo ya elfu moja, kwa lita. Maji ya kahawa huhesabiwa kwa maelfu na mara nyingi kwa makumi ya maelfu, hasa pale kiwanda kinapoyarudisha maji yaleyale kwenye mashine mara kadhaa ili kupunguza matumizi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliruhusu miligramu 50 tu za COD kwa lita kwa maji yanayoachiliwa kuingia katika mazingira, na miligramu 1,000 kwa yale yanayoingia katika mfereji wa majitaka wa mji. Katika miteremko ya Elgon viwanda vya kahawa haviko karibu na mfereji wa mji.

Hebu tuchukue kiwanda cha mfano, ili tarakimu zipate uso. Kiwanda hiki hutoa mita za ujazo 20 za maji machafu kwa siku moja ya msimu, na maji hayo yana COD ya miligramu 10,000 kwa lita. Uchafu wake wote kwa siku ni sawa na kilo 200 za COD. Mto safi katika nchi yetu ya vilima hubeba takriban gramu 8 za oksijeni katika kila mita ya ujazo, na hiyo ndiyo oksijeni wanayoivuta samaki na wadudu wa majini. Iwapo uchafu wa siku hiyo moja ungeoza wote mtoni, ungemaliza oksijeni ya mita za ujazo zipatazo 25,000 za maji. Mito midogo kama Kuywa haina maji mengi ya kuchezea katika miezi ya kiangazi, na kila inachokibeba hukipeleka Nzoia, na Nzoia hukipeleka Ziwa Viktoria.

Shimo la kunyonyea limechukuliwa kuwa jibu la tatizo hilo kwa sababu linaficha maji machoni pa watu. Lakini shimo lenye maji mazito yasiyopata hewa huoza lenyewe. Baada ya majuma machache utaona mapovu yakipanda kutoka chini, na sehemu ya mapovu hayo ni metani, gesi ileile tunayoitamani jikoni. Katika kipindi cha miaka 100, tani moja ya metani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi. Hivyo chama kinachosema kwamba hakina mtambo wa biogesi kinao tayari, ila ni mtambo usio na kifuniko, usio na bomba, na usio na mwangalizi.

Kinachotokea ndani ya mtambo uliofunikwa ni kazi ya vikundi kadhaa vya vijidudu vinavyopokezana. Kundi la kwanza huzivunja molekuli kubwa, kama pektini na wanga, ziwe sukari na vipande vidogo vinavyoyeyuka. Kundi la pili huila sukari hiyo na kutoa asidi, pombe, hidrojeni na kaboni dioksidi. La tatu huzigeuza asidi ndefu kuwa asidi ya siki na hidrojeni. La mwisho, ambalo wanasayansi huliita arkea na kulitenga na bakteria wa kawaida, huichukua asidi ya siki pamoja na hidrojeni na kaboni dioksidi na kutengeneza metani. Hakuna oksijeni inayohitajika katika safari hiyo yote. Kwa hakika, oksijeni huwadhuru viumbe wa kundi la mwisho. Biogesi inayotoka huwa na metani kati ya asilimia 50 na 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi, pamoja na kiasi kidogo cha hidrojeni salfaidi chenye harufu ya yai viza.

Kila kilo moja ya COD inayomeng'enywa hutoa takriban mita za ujazo 0.35 za metani. Kanuni hiyo haina upendeleo; hutumika kwa kahawa kama inavyotumika kwa miwa. Tukirudi kwenye kiwanda chetu cha mfano, mtambo ukifaulu kumeng'enya asilimia 80 ya kilo zile 200, tutapata mita za ujazo 56 za metani kwa siku, au biogesi ipatayo mita za ujazo 93 ikiwa asilimia 60 yake ni metani. Joto lililomo katika gesi hiyo linakaribia kilowati-saa 560. Ikiunguzwa katika injini yenye jenereta inayogeuza asilimia 30 ya joto kuwa umeme, itatoa kilowati-saa zaidi ya 160 za umeme, na kwa anayeifikiria kwa lugha ya jikoni, joto lile lote linazidi lile la mitungi mitatu ya gesi ya kilo 13. Hayo ni mapato ya siku moja kutoka katika maji ambayo chama kinalipa vibarua kuyachimbia shimo.

Ningependa kusema kwamba kilichobaki ni kujenga tu, lakini hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza. Vikundi vile vya vijidudu haviendi kwa mwendo mmoja. Watengenezaji wa asidi huzaliana kwa saa chache, ilhali watengenezaji wa metani huhitaji siku kadhaa ili kuongezeka maradufu. Sukari ya kahawa ni chakula laini mno, hailazimishi hata kidogo kundi la kwanza kuchelewa. Ukimimina maji mengi ya kahawa ndani ya mtambo kwa siku moja, asidi itajaa kabla ya wale wa mwisho hawajaweza kuila. pH, yaani kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, itashuka chini ya 6.5, wao watadhoofika, asidi itazidi kujilimbikiza, na katika muda wa siku chache mtambo utakuwa tangi la siki. Gesi itaendelea kutoka kwa muda, lakini itakuwa kaboni dioksidi tupu isiyoshika moto. Mtu wa kijijini atasema mtambo umekufa, na atakuwa karibu sana na ukweli.

Maji ya kahawa huja yakiwa na asidi tayari. Yakitoka katika tangi la uchachushaji, pH yake huwa karibu na 4, wakati wale wa metani hustawi kati ya 6.8 na 7.4. Aidha, maji haya ni maskini wa nitrojeni. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila gramu 350 za COD vijidudu huhitaji takriban gramu 5 za nitrojeni na gramu 1 ya fosforasi ili wajenge miili yao, na sukari ya kahawa haiwapi hizo. Maganda nayo yana tanini na kafeini, ambazo zikizidi huwazuia kufanya kazi. Kwa hiyo mtambo wa maji ya kahawa hauwezi kuendeshwa kama ule wa kinyesi cha ng'ombe, ambacho huja na nitrojeni yake, na vijidudu vyake, na nguvu yake ya kuzuia asidi isishuke ghafla. Wengi wa mafundi wetu wamejifunza kazi kwa kinyesi. Wanajenga kuba zuri, wanamwambia mwenye kiwanda alijaze, na wanaondoka.

Mtambo huu unapaswa kuanzishwa kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kwanza huwekewa mbegu ya vijidudu, yaani tope lililotoka katika mtambo wa ng'ombe unaofanya kazi vizuri, kwa kiasi kikubwa iwezekanavyo. Theluthi moja ya ujazo wa tangi si nyingi kupita kiasi. Kisha maji ya kahawa huingizwa kidogo kidogo, takriban nusu kilo ya COD kwa kila mita ya ujazo ya tangi kwa siku, na kiasi hicho huongezwa tu pale vipimo vinapokubali. Chokaa hutumika kupandisha pH ya maji kabla hayajaingia, ingawa chokaa ikizidi hugandamana na kuziba mabomba, na ni bei isiyoisha. Njia iliyo bora zaidi ni kurudisha sehemu ya maji yaliyokwisha kumeng'enywa, ambayo yana uwezo wa kukinza asidi, na kuyachanganya na maji mapya yanayoingia. Mkojo wa ng'ombe na samadi huleta nitrojeni iliyokosekana. Haya yote hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu mmoja anayefika kila siku, anayepima pH kwa kifaa kilichosawazishwa, anayepima uwiano wa asidi na uwezo wa maji kuikinza angalau mara moja kwa juma, na mwenye mamlaka ya kumwambia meneja kwamba leo maji hayaingii.

Mamlaka hayo ndiyo magumu kupatikana. Katika kilele cha msimu, foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani na mashine ikisaga hadi usiku, hakuna anayetaka kusikia kwamba tangi limeshiba. Ndiyo maana nashikilia kwamba bwawa la akiba linalotangulia mtambo ni la lazima sawa na mtambo wenyewe. Bwawa hilo hupokea maji ya siku nzito na kuyatoa kwa kipimo kilekile kila siku, na likifunikwa na kupewa muda, sehemu ya kazi ya kutengeneza asidi humalizikia humo badala ya kumalizikia tumboni mwa mtambo.

Mzee mmoja wa kamati ya kiwanda, mtu niliyemheshimu tangu utotoni, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, sisi tunalipwa kwa kilo za kahawa. Nani atatulipa kwa kutunza maji?" Nilimjibu, "Mzee, angalieni bili yenu ya umeme na ya dizeli katika miezi ya msimu, kisha mlinganishe." Lakini swali lake lilikuwa na uzito kuliko jibu langu, kwa sababu bili hizo huja kwa miezi michache tu.

Msimu ni adui wa kweli wa mtambo wa kahawa. Maji hufurika kwa majuma kadhaa kisha hukauka karibu kabisa, na benki inayotoa mkopo hutaka marejesho mwaka mzima. Kwa bahati nzuri vijidudu hivi vina subira isiyo ya kawaida: tope lililokomaa linaweza kukaa miezi mingi bila chakula na likaamka tena likilishwa polepole. Hata hivyo, subira ya vijidudu haiwalipi watu mshahara. Kwa maoni yangu, chama cha ushirika kinapaswa kuupanga mtambo kama wa kijiji na si wa kahawa peke yake. Nje ya msimu, tangi lilishwe samadi ya ng'ombe wa wanachama, maji ya kinu cha muhogo pale yanapopatikana, na mabaki ya soko. Mwenye mtambo aliye karibu na Kisumu ana soko la Kibuye, ambalo hutoa ndizi zilizooza na majani ya mboga kila siku ya mwaka. Muhogo nao una tahadhari yake, kwa kuwa maji ya kuuosha na kuukamua hubeba sianidi. Vijidudu huizoea ikiwa inaongezwa taratibu, na huuawa nayo ikiwa inaletwa kwa kishindo.

Historia inatuunga mkono kuliko tunavyokumbuka. Mtambo wa kwanza wa biogesi nchini Kenya ulijengwa mwaka 1957 na Tim Hutchinson katika shamba la kahawa, na baadaye akawajengea wakulima wengine kwa biashara. Kwa hiyo kahawa na biogesi zimejuana katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 60. Kwa upande wa maji mepesi yenye sukari, hatua kubwa ilipigwa Uholanzi katika miaka ya 1970, pale mwanasayansi Gatze Lettinga wa chuo cha Wageningen na wenzake walipotengeneza tangi ambalo maji huingia kwa chini na kupanda polepole yakipita katikati ya tope. Vijidudu ndani yake hushikamana na kuwa chembechembe ndogo nzito, za milimita moja au mbili hivi, ambazo huzama zenyewe badala ya kuchukuliwa na maji. Waliijaribu njia hiyo kwa maji ya viwanda vya sukari ya kiazisukari. Faida yake ni kwamba maji hukaa ndani kwa saa badala ya siku 30 au 50 zinazohitajika katika kuba la samadi, hivyo tangi dogo hufanya kazi ya tangi kubwa. Gharama yake ni uangalizi: mwendo wa maji ukizidi, chembechembe husombwa, na maganda yakiingia, huziba. Kwa kiwanda kidogo cha Elgon ningependelea kwanza tangi refu la plastiki au bwawa lililofunikwa kwa turubai ya kudumu, ambalo husamehe zaidi, na kuwaachia wenye viwanda vikubwa matangi ya Lettinga.

Viwanda vikubwa hivyo tunavyo. Katika ukanda wa miwa wa Muhoroni, molasi, yaani masalia mazito matamu ya kutengeneza sukari, hugeuzwa kuwa ethanoli, na kila lita moja ya ethanoli huacha nyuma takriban lita 10 hadi 15 za maji meusi yaliyochemka, yenye COD inayoweza kufikia miligramu 100,000 kwa lita. Mita moja ya ujazo ya maji hayo, ikimeng'enywa kwa theluthi mbili tu, hutoa zaidi ya mita za ujazo 22 za metani. Yana joto tayari, hutoka mwaka mzima maadamu molasi ipo, na kiwanda chenyewe kina tanuri linalohitaji moto. Sijui malighafi nyingine ya magharibi mwa Kenya inayofaa kuliko hiyo. Matatizo yake ni salfeti, ambayo hugeuka kuwa hidrojeni salfaidi nyingi, na rangi nyeusi, ambayo vijidudu hawa hawaiondoi. Potasiamu iliyomo hubaki pia, na hiyo ni neema, kwa sababu muwa huihitaji, mradi maji yasambazwe shambani kwa kipimo na yasimwagwe mahali pamoja hadi udongo uharibike.

Nakuru inatoa mfano wa aina nyingine. Naivasha, mtambo wa Gorge Farm ulioanza mwaka 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 2.2 ulijengwa ili kutumia mabaki ya mazao ya mashamba ya karibu na kuuza umeme kwenye gridi ya taifa. Huko Molo, na kwingineko ambako viazi huoshwa na kukatwa, maji hubeba wanga, chakula kizuri kabisa cha mtambo, lakini baridi ya nyanda za juu ni kikwazo. Watengenezaji wa metani hupenda joto la nyuzi 35 hivi. Chini ya nyuzi 20 huzembea, na chini ya 15 karibu wanalala. Kisumu, iliyo mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, imebarikiwa kwa jambo hili. Molo italazimika kufukia tangi ardhini, kulifunika kwa banda la plastiki, au kutumia maji ya kupoza injini ya jenereta kulipasha joto.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mitambo hulitaja kwa haraka au hawalitaji kabisa: biogesi haimalizi kazi ya kusafisha maji. Mtambo ukiondoa asilimia 80 ya miligramu 10,000, hubakisha 2,000, na kikomo cha kanuni zile za 2006 ni 50. Nitrojeni na fosforasi hupita karibu zote bila kuguswa. Hizo ndizo hulilisha gugumaji katika Ghuba ya Winam, kwa hiyo kuachilia maji yaliyotoka mtamboni yaende mtoni ni kuhamisha tatizo kutoka kwa samaki wa Kuywa hadi kwa wavuvi wa Kisumu. Maji hayo yapelekwe shambani: kwenye majani ya ng'ombe, kwenye migomba, kwenye miche ya kahawa yenyewe. Panapokosekana shamba la kutosha, yapitishwe kwenye madimbwi yaliyopandwa mafunjo na matete, ambayo mizizi yake huendelea kuyasafisha. Mkulima anayepata slari hii, yaani maji mazito yaliyokwisha kumeng'enywa, humwaga shambani kitu chenye thamani ambayo angeinunua kwa mfuko wa mbolea ya dukani, na nimeona wanachama wakiithamini slari kuliko gesi, jambo ambalo wapangaji wa miradi hawakulitarajia.

Vilevile maji yapunguzwe kabla hayajafika mtamboni. Kiwanda kinachorudisha maji ya kumenyea, na kinachochuja maganda mapema badala ya kuyaacha yaloweke, hutoa maji machache yaliyo mazito zaidi. Uchafu ni uleule, sukari ni ileile, lakini tangi linalohitajika ni dogo na joto halipotezwi kwenye maji matupu. Mradi wowote unaoanza na ukubwa wa tangi kabla ya kupima kiasi cha maji kwa msimu mzima umeanzia mwisho.

Usalama nao usiachwe kwa bahati. Metani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 hulipuka ikipata cheche. Hidrojeni salfaidi hula injini na huua watu. Ikizidi hupumbaza pua, hivyo aliyekuwa akiinusa hudhani imeondoka. Gesi ipitishwe kwenye chombo chenye vyuma vilivyoshika kutu, ambavyo hunasa salfa, na vibadilishwe vinapochoka. Mtu asiingie kamwe ndani ya tangi au shimo akiwa peke yake, hata kama limefunguliwa tangu asubuhi, na hata kama kilichoangukia ndani ni kitu cha thamani. Pawe pia na mwenge wa kuunguza gesi isiyotumika, kwa kuwa kukusanya metani kisha kuiachia hewani siku jenereta imeharibika ni vibaya kama kutokuikusanya.

Kwa hiyo vyama vinavyojadili mradi wa namna hii kwenye mkutano mkuu wa mwaka ningeviomba vibadilishe mpangilio wa matumizi. Kabla ya kutangaza zabuni ya ujenzi, chama kimchague kijana mmoja wa kiwandani, mvulana au msichana aliyefanya vizuri kemia ya sekondari, na kimlipe msimu mmoja mzima apime maji: kiasi chake kila siku, pH yake, na sampuli za COD zipelekwe maabara mara kwa mara. Daftari la kijana huyo ndilo litakalomwambia mhandisi ukubwa wa bwawa la akiba na wa tangi, na pia litawaambia wanachama kama gesi itatosha injini au itatosha jiko la wafanyakazi peke yake. Mtambo ukijengwa, kijana yuleyule awe ndiye mlishaji wake, kwa ajira ya mwaka mzima na si ya kibarua cha msimu, akiwa na kifaa cha pH, akiba ya chokaa, na barua ya kamati inayompa haki ya kufunga bomba la maji yanayoingia bila kusubiri ruhusa ya mtu mwingine.